Mume Wangu Nampa Chai, Idhini Simpi

Hakuwa na shahada. Hakuwa na kompyuta, wala meza ya kuiwekea kama angeipata. Hakuwa na mwalimu. Hakuwa na Kiingereza cha kusoma ukurasa mzima bila kamusi, na kamusi yenyewe ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho. Hakuwa na mjomba ofisini, wala shangazi ughaibuni, wala jirani aliyewahi kuifanya kazi aliyoitamani. Hakulijua hata jina la kazi hiyo. Alijua tu kwamba ndani ya simu alizozifungua kwa bisibisi kuna kitu kinapiga, na kwamba mtu fulani, mahali fulani, ndiye aliyekiambia kipige namna gani.

Leo mtu huyo ni yeye.

Saa mbili asubuhi. Mama Waya, kama wanavyomwita mtaani kwa sababu hajawahi kuonekana bila kipande cha waya kikichungulia mfukoni, ameketi kwenye meza iliyokuwa ya cherehani. Cherehani iliuzwa zamani. Kanyagio la chuma limebaki, na mguu wake wa kulia unalikanyaga taratibu, kana kwamba kuna kitambaa kinapita chini ya sindano. Kwenye skrini ipo barua. Iliingia juzi, na sasa anaisoma kwa mara ya mwisho kabla ya kuijibu.

Upande wa pili wa sebule, karibu na dirisha, mumewe ameinamia bodi ya kijani inayotosha kwenye kiganja. Ni fundi wa vifaa vya umeme, na kila mtu humwita Fundi tu. Barua anayoisoma Mama Waya imeandikwa na Fundi huyo.

Hawasemezani. Kati yao, juu ya mkeka, mama mzazi wa Fundi anachambua maharage.

"Nyinyi bado mmenuniana?" bibi anauliza.

"Hatujanuniana, mama," anajibu Mama Waya.

"Basi mbona mnaandikiana barua na mmeketi chumba kimoja? Mimi na marehemu tuliponuniana tulitumiana watoto. Hatukufika mahali pa kuandikiana."

Fundi anacheka puani. Mama Waya hacheki. Kesho jioni lango la kupokea kazi linafungwa, na neno linalosubiriwa na watu wengi ni lake.

Ndani ya kila chipu kuna mapigo. Watu wa fani hii huyaita saa, ingawa hayamwambii mtu kama ni asubuhi au jioni. Kazi yake ni kupiga tu, mamilioni ya mara kwa sekunde, ili kila sehemu ya chipu ijue lini ifanye na lini itulie. Mama Waya huwaeleza wageni kwa mfano wa wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mapigo yakipotea, michi hugongana na nafaka humwagika.

Mapigo hayo hayajipangi yenyewe. Lazima pawepo programu ndogo ya kuyawasha, kuyazima na kuyapa kasi. Programu hiyo ndiyo kiendeshi cha saa. Chipu mpya isiyo na kiendeshi ni sawa na nyumba yenye swichi ukutani huku waya hazijaunganishwa.

Fundi ndiye aliyeandika kiendeshi cha chipu mpya. Mama Waya ndiye mhakiki wa chipu za ukoo huo. Husoma, hujaribu, na akiridhika huandika kwamba ameridhika. Bila neno lake kazi haiingii kwenye hazina ya pamoja, ghala kubwa la programu linalotunzwa na watu wa nchi nyingi na kutumiwa bure na yeyote.

"Mume wangu nampa chai," anasema, akiutazama mgongo wa Fundi. "Maji ya kuoga nampa. Akiungua na chuma cha kulehemu, pole nampa. Idhini simpi. Idhini inatafutwa."

"Na hiyo chai yenyewe siku hizi haina sukari," Fundi anajibu bila kugeuka.

Desturi ya hazina ni kwamba lolote kuhusu kazi lisemwe kwa barua ya wazi, inayosomwa na kila mtu na kuhifadhiwa daima. Hakuna kunong'onezana pembeni. Wengi huiona desturi hiyo kama usumbufu. Mama Waya huitetea kama mtu anayetetea shamba lake.

"Miaka kumi ijayo mtu atafungua kazi hii akiwa na shida yake. Mimi pengine nimezeeka, pengine nimekwenda. Atataka kujua kwa nini tuliandika hivi na si vile. Kama tuliyazungumza kitandani, atamwuliza nani? Kitanda?"

Ndiyo maana wamejiwekea sheria ya nyumba: kiendeshi hakizungumzwi wakati wa kula, wala wa kulala, wala wa kwenda sokoni. "Mezani naomba chumvi," anasema. "Mengine yote, barua."

Wanakofanyia kazi ni karakana ya watu sita, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kwa kuwa karakana ni finyu, wanaoandika programu hubaki nyumbani na kwenda huko wanapohitaji mitambo ya kupimia. Karakana hutengeneza kisanduku kidogo kinachobandikwa kwenye jokofu la chanjo. Joto likipanda, kisanduku humpigia muuguzi simu kabla dawa haijaharibika.

Chipu ya zamani haitengenezwi tena. Zahanati zimeagiza visanduku mia tatu vyenye chipu mpya, lakini kwa sharti: programu zake zote ziwe kwenye hazina ya pamoja. Ziliwahi kuuziwa vifaa ambavyo siri yake ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Mtu yule alihama, na vifaa vikabaki kazi ya kuzuia milango isijifunge na upepo.

Hazina nayo ina misimu yake. Lango hufunguliwa, kazi mpya hupokelewa, lango hufungwa. Msimu huu unaisha kesho, Ijumaa, na ujao uko zaidi ya miezi miwili mbele. Zahanati hazitasubiri.

"Tukikosa lango hili, oda inakwenda kwa mwingine," anasema mwenye karakana, mtu mnene mwenye sauti ya kuita abiria, anayejulikana kama Bosi. "Na mimi nafunga mlango. Sisemi kwa kutisha. Nasema kwa sababu mwenye nyumba amekwisha kuja kuupima mlango wenyewe."

Kazi ya Fundi ilifika mara ya kwanza wiki tatu zilizopita. Mama Waya aliisoma mstari kwa mstari, kanyagio likienda. Ilikuwa kazi nadhifu.

"Mume wangu anaandika kama anavyolehemu," anasema. "Hakuna tone lililozidi."

Akaipakia kwenye bodi yake. Bodi ikaamka, ikaandika mistari yake ya salamu kwenye skrini, kisha ikanyamaza. Akaizima, akaiwasha. Salamu, kisha kimya. Aligeuka kuitazama meza ya dirishani. Bodi ya mumewe, pacha wa ile yake, ilikuwa inawaka bila taabu tangu asubuhi.

Kosa lililokuwapo ni la watu wa fani hii peke yao. Mfumo unaoendesha kifaa ukishaamka, una tabia ya mama mwenye nyumba anayelipa bili: hupita chumba kwa chumba na kuzima mapigo yoyote ambayo hakuna aliyesema anayahitaji. Mafundi wanapoanza na chipu wasiyoizoea, huandika mstari mmoja wa kuusihi mfumo usizime kitu kwanza. Fundi aliuandika mstari huo siku ya kwanza. Kisha kazi ikanoga, akausahau.

Mstari wenyewe hauko ndani ya kiendeshi. Uko kwenye bodi ya mwandishi, mezani kwake. Hivyo kazi aliyoituma haikuonyesha kasoro, na bodi aliyoitazama kila siku haikuonyesha kasoro pia, kwa sababu hakuna taa iliyowahi kuzimwa ndani ya nyumba ile.

Mama Waya alianza kuandika: "Ndugu mwandishi, asante kwa kazi nzuri. Je, uliijaribu bila ule mstari wa kuzuia kuzima? Kwangu bodi inaamka, kisha inanyamaza."

Aliituma. Sekunde chache baadaye akaiona shingo ya mumewe ikikakamaa.

"Kwangu inafanya kazi," Fundi alisema kwa sauti.

"Andika," alisema Mama Waya.

Mama Waya hakufika kwenye meza hii kwa njia iliyonyooka. Alianza na kibanda cha kutengeneza simu chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo kila aliyepanda alimmwagia vumbi kichwani. Kodi ya kibanda ilikula theluthi ya alichopata, na mvua ikinyesha ilikula siku nzima. Fundi alikuja hapo kununua kioo cha simu. Akarudi kununua kingine. Kufika mara ya nne, simu zote za nyumba yao zilikuwa zina vioo vipya.

"Sikuwa na maneno," Fundi anasema. "Nikampelekea koleo. Koleo zuri, la mpini mwekundu. Nikaona ameling'ang'ania, nikajua nimepata mke."

"Alichopata ni koleo lake lililorudi nyumbani, maana halijatoka humu hadi leo," anasema Mama Waya.

Fundi, aliyesoma chuo cha ufundi, alimfundisha kulehemu na kusoma michoro. Zaidi ya hapo alikiri kwamba naye hajui. Hivyo Mama Waya akaenda darasa la jioni la watu wazima, akajifunza hesabu alizozikimbia utotoni, akiwa ameketi kwenye dawati lililochongwa kwa ajili ya mtoto. Elimu ya jioni haina kengele wala sare, na mwanafunzi wake huja akiwa tayari amechoka. Lakini anayekuja amekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Kisha karakana ikamwajiri kulehemu, na mwaka mzima, kwenye kompyuta ya hapo wenzake walipokwenda kula, alisoma barua za wazi za watu asiowajua: huyu ameleta kiendeshi, yule amekikataa, huyu amekasirika, yule ameomba radhi. Hakuandika neno. "Nilikuwa kama mtu anayesikiliza kesi za watu mahakamani," anasema. "Ukisikiliza sana, unaijua sheria bila kusomea."

Barua yake ya kwanza ilirekebisha neno moja lililokosewa tahajia. Ya pili iliuliza swali ambalo halikujibiwa. Ya tatu iliuliza swali lilelile, na safari hiyo watu wanne wakajibu, wakabishana wao kwa wao hadi ikaonekana kweli palikuwa na shimo. Baada ya miaka minne ya kujibu barua za chipu ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, mlinzi mkuu wa sehemu ile ya hazina alimwandikia: unasoma kuliko sisi, unaonaje jina lako likiwekwa kama mhakiki?

Alimwonyesha Fundi. Fundi alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa itabidi nikusalimie kwa shikamoo?" akauliza.

Hakuna aliyefikiri siku ile kwamba kazi ya mume ingekuja kupita chini ya macho ya mke.

Kazi ya pili ya Fundi ilifika siku tatu baada ya ile ya kwanza kukataliwa. Safari hii bodi iliamka, ikasalimu, ikaendelea kuwaka. Bosi alipopata habari alipiga simu akicheka. Mama Waya naye alifurahi, mpaka alipofika ukurasa wa mwisho.

Fundi alikuwa ameyawekea mapigo yote alama ya "usizime kamwe". Yote, ya kamera, ya sauti, ya skrini, hata ya sehemu ambazo kisanduku hakina. Ilikuwa sawa na kumjibu mama mwenye nyumba anayezima taa kwa kuzing'oa swichi zote ukutani.

Bodi ikawaka, ndiyo. Lakini kisanduku kile kinatakiwa kuishi siku mbili kwa betri umeme ukikatika, maana umeme ukikatika ndipo chanjo zinapokuwa hatarini. Mama Waya aliiunganisha bodi na betri asubuhi. Kabla jua halijazama, betri ilikuwa imekwisha.

Akaandika tena: "Ndugu mwandishi, samahani, hii siwezi kuipitisha. Tafadhali tafuta ni pigo gani hasa lisilotakiwa kuzimwa, na utueleze kwa nini."

Ndipo nyumba ilipochafuka. Fundi alibeba sahani yake, akaenda kula kibarazani.

"Baba watoto, chakula kitapoa huko," alimwita.

"Acha kipoe. Dunia nzima imesoma kwamba mke wangu amenikatalia. Mara mbili!"

"Dunia nzima imesoma kwamba betri imekwisha."

"Ungeniambia pembeni, nikairekebisha, nikaituma safi. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba atakuja mwingine na kosa hilohilo, na hatakuwa na mke wa kumwambia pembeni."

Fundi aligeukia sahani yake. Alijibu mamaye, aliyekuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Hakuelewa habari za mapigo, lakini alikuwa ameelewa kwamba mwanawe ameamuru taa zote zibaki zinawaka.

"Wewe ulipokuwa mdogo," alimwambia, "nilikuwa nikikutuma ufagie, unasukumia taka chini ya mkeka. Naona umekua. Na mkeka nao umekua."

Fundi alitaka kukasirika. Kicheko kikamwahi, mchuzi ukamwingia puani, akakohoa hadi mkewe akampelekea maji. Lakini baada ya maji kimya kilirudi, na kilikaa siku kadhaa.

Siku hizo hizo ikaingia barua fupi kutoka kwa mtu wa mbali ambaye Mama Waya hajawahi kuonana naye, mzoefu wa hazina, anayetumia chipu ileile kwenye kazi zake. Iliandikwa mbele ya wote: "Mke anahakiki kazi ya mume. Tutarajie nini?"

Mama Waya aliisoma mara mbili. Akikataa, anavunja nyumba na karakana. Akikubali, watasema amekubali kwa sababu ya unyumba. Na neno la mhakiki likishatiliwa shaka mara moja, kila alichowahi kukipitisha kinatiliwa shaka pamoja nalo. Hana mshahara wa uhakiki wala cheti cha kutundika. Mali yake yote kwenye hazina ni neno lake.

Bosi alikuja nyumbani mwenyewe, akihema kwa ngazi, na mkate mkononi kwa sababu hakutaka kuja mikono mitupu.

"Shemeji," alisema akiwa bado mlangoni, "mimi sijaja kukuingilia."

"Karibu, shemeji. Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukuingilia kidogo." Akaketi. "Gonga muhuri tuingie langoni. Kasoro tutarekebisha baadaye. Betri tutaweka kubwa."

"Baadaye ni mji usio na basi, shemeji. Kila mtu anasema anakwenda, sijamwona aliyefika."

"Watu sita, shemeji. Na wewe ni mmojawapo."

"Najua. Nimewahesabu. Na yule muuguzi ambaye umeme umekatika kwake, kisanduku kimekufa kabla ya magharibi, na yeye analala akijua atapigiwa simu? Yeye tumemhesabu?"

Bosi aliuangalia mkate aliouleta. "Basi angalau tunywe chai," alisema.

Hakuna anayejua ni nini hasa kilichomgeuza Fundi: maneno ya mama, swali la mke, au ukimya uliokuwa umezidi chumvi. Mwenyewe anasema ni ukaidi tu. "Aliniuliza ni pigo gani hasa. Nikasema, sawa, nitalitafuta mpaka nilipate, ili nimwone atasema nini tena."

Alihamia karakana na bodi yake. Aliuondoa mstari wa kuzuia kuzima, akaanza kuyazima mapigo mwenyewe, moja baada ya jingine, huku akiyatazama kwenye mashine inayochora mapigo kama mashine ya moyo hospitalini. Zima hili, bodi inaishi. Zima lile, inaishi. Alipofika kwenye pigo la kamera, bodi ikafa.

Kisanduku hakina kamera. Kitabu cha chipu, kilichoandikwa na watengenezaji wenyewe, kina mchoro unaoonyesha tawi lile likiishia kwenye kamera na si kwingine. Fundi alirudia hadi vidole vikachoka, na kila mara bodi ilikufa palepale. Kumbe njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ya chipu inachota mapigo yake kwenye tawi hilohilo, na mchoro haukusema. Mfumo uliona kamera haina mwenyewe, ukaizimia taa, na gizani ukaanguka wenyewe.

"Hapo mimi nisingefika," Mama Waya anakiri. "Mimi nasoma. Kitabu kikidanganya, nami nimedanganyika. Yeye haamini kitabu, anaamini kidole chake. Ndiyo maana kazi hii inataka watu wawili."

Fundi alirudi nyumbani siku ile akitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kila mtu aliona kwamba ana habari. Alikula, akashiba, akanawa, akaomba maji, hakusema. Sheria ya nyumba ilikuwa imemfunga mdomo. Mama Waya naye hakuuliza. "Nilitaka kuuliza mpaka ulimi ukaniwasha," anasema. Kesho yake asubuhi Fundi aliketi dirishani akaanza kuandika, na mkewe akasikiliza vibonye vikigonga, vikisita, vikigonga tena.

Ndiyo barua iliyo kwenye skrini yake sasa. Alama ya "usizime kamwe" imewekwa kwenye pigo moja tu. Chini yake pana maelezo kwa maneno mepesi: mchoro unasema hivi, bodi inasema vile, na namna ya kujionea mwenyewe ni hii. Mwishoni Fundi ameandika mstari ambao hakuombwa: "Namshukuru mhakiki. Nilikuwa nimeufunika ugonjwa. Swali lake ndilo lililonipeleka kwenye kidonda."

Mama Waya alipousoma mara ya kwanza aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kuchemka.

Lakini shukrani si kipimo. Siku ileile aliipakia kazi kwenye bodi yake, akaichomoa umeme, akaiacha na betri juu ya kabati la vyombo. Kisha akafanya jambo ambalo Bosi alipolisikia alishika kichwa. Alimwandikia yule mzoefu wa mbali aliyemtilia shaka, mbele ya wote, kwa adabu: una chipu hii, tafadhali ijaribu kazi hii kwako, utuambie utakachokiona, kiwe kizuri au kibaya.

"Unamkabidhi adui rungu?" Bosi aliuliza kwenye simu.

"Kama rungu litavunja, bora livunje leo."

Saa nne kasoro robo, kompyuta inalia mara moja. Kanyagio linasimama. Mama Waya anasogea karibu na skrini, midomo ikitembea kimya kimya kama ya mtu anayesoma dua. Mzoefu amejibu. Kwake pia kiendeshi kimeamka na kimekaa. Aliondoa ile alama moja ili aone, na bodi ikafa vilevile alivyoeleza mwandishi. Anaongeza kwamba chipu hiyo imemsumbua tangu mwaka jana, hakujua kwa nini, na leo amejua. Habari za mke na mume hazigusi.

Mama Waya anainuka. Anakwenda kwenye kabati, anasogeza kikombe, anaitazama bodi. Taa yake ndogo bado inawaka. Siku mbili zimetimia asubuhi hii, na kipimo kinaonyesha betri ina akiba ya nusu siku nyingine.

"Bado inapumua?" anauliza mama mkwe.

"Bado inapumua, mama."

Fundi amegeuka kwenye kiti. Ameshika bisibisi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kofia mlangoni kwa watu.

Kabla ya kuketi, Mama Waya anazungumzia mipango yake, na anaizungumzia haraka kama mtu anayewahi basi. Kuanzia mwezi ujao, Jumamosi, Bosi amemwachia kona ya karakana. Wasichana wanne wa vibanda vya simu wamekwisha kuandikishwa. Atawafundisha kusoma barua za wazi kabla ya kuwafundisha kuandika mstari hata mmoja. Anataka miongoni mwao atoke mhakiki wa pili wa chipu hizi.

"Siku hiyo mume wangu akileta kazi, nitamwambia nenda kwa yule binti. Mimi nitamsubiri na chai."

"Yenye sukari?" anauliza Fundi.

"Itategemea binti amesema nini."

Anaketi. Anafungua ukurasa wa jibu, na safari hii hachelewi. Anaandika kwamba amesoma kila mstari. Anaandika alivyoipima bodi, kwa betri gani, kwa muda gani, ili asiyemwamini apime mwenyewe. Anamshukuru mzoefu wa mbali kwa kujaribu. Anamwomba mlinzi mkuu, ikimpendeza, aipokee kazi hii kabla ya lango kufungwa. Kisha, chini kabisa, kwenye nafasi iliyokuwa tupu kwa wiki tatu, anaandika maneno mawili: Nimehakiki. Nimeridhika. Na jina lake lote, la kwenye kitambulisho.

Ili barua isighushiwe njiani, hutiwa muhuri kwa ufunguo wa siri ambao yeye peke yake anaujua. Anauandika ufunguo huo polepole, herufi kwa herufi, mkono wa kushoto ukiwa umekinga vidole vya kulia kwa mazoea.

Mama mkwe ameyaacha maharage. Amesimama nyuma ya kiti, anatazama herufi asizozisoma.

"Umemwambia nini mwanangu humo?"

"Nimemwambia ndiyo, mama."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

Skrini inamwonyesha kwamba muhuri umekubali. Mama Waya anavuta pumzi, anamtazama mumewe ng'ambo ya sebule, na barua inakwenda.